Mgema Aliyesifiwa Kisha Akasahauliwa: A.R. Kane na Historia ya Pop ya Ndoto

Wahenga waliposema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, waliyemwonya ni mgema. Msifu hawakumgusa. Katika historia ya roki ya Uingereza kuna kisa kinachotulazimu kuigeuza methali hiyo, maana mgema alisifiwa, tembo lake likabaki kali vilevile, na walioharibu mambo ni wanywaji: walikwisha kulewa, wakasahau mnazi ulikuwa wa nani. Mgema mwenyewe ni A.R. Kane, kundi la marafiki wawili wa London Mashariki, Alex Ayuli na Rudy Tambala. Ayuli ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuuita muziki wao pop ya ndoto, mwishoni mwa miaka ya 1980. Jina likashika, likavuka bahari, na leo linatumika kwa makundi ambayo mengine hayakuwa hata yamezaliwa. Lakini mwulize shabiki wa kawaida amtaje bingwa wa pop ya ndoto. Atakwambia Cocteau Twins wa Scotland, au Slowdive wa Reading, au Mazzy Star wa California, au Beach House wa Baltimore. Walioleta jina hutajwa mwishoni, ikiwa watatajwa. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba vijana hao hawakusikilizwa zamani zao. Maelezo hayo hayasimami. Walisikilizwa, tena walimwagiwa sifa ambazo makundi mengi ya lebo huru hayakuziota. Ninachodai hapa ni kwamba sifa zenyewe, kwa jinsi zilivyotungwa, ndizo zilizowaondoa katika ukoo walioupa jina.

Kuelewa jambo hili lazima kwanza tuuone uzito wa maneno ya mhakiki wa wakati ule. Uingereza ilikuwa na magazeti makubwa matatu ya muziki yaliyotoka kila wiki: Melody Maker, lililoanza 1926, New Musical Express, la 1952, na Sounds, la 1970. Santuri ya lebo huru haikupata nafasi kubwa redioni mchana. Ikibahatika, John Peel aliipiga usiku katika Radio 1 ya BBC. Basi kijana wa Leeds au Bristol mwenye pauni chache mfukoni alinunua santuri kwa sababu ameisoma. Aliisoma kwanza, akaisikia baadaye, na aliposikia, maneno ya mhakiki yalikuwa tayari yamekaa kichwani yakimwelekeza asikie nini. Mhakiki hakuwa karani wa kuorodhesha mazuri na mabaya. Alikuwa mpiga ramli na dalali kwa wakati mmoja, na katika Melody Maker ya nusu ya pili ya miaka ya 1980 kulikuwa na waandishi vijana, Simon Reynolds akiwa mashuhuri zaidi miongoni mwao, walioamini kwamba maelezo ya muziki yanapaswa kulewesha sawasawa na muziki wenyewe.

Ayuli na Tambala walifahamiana utotoni, Stratford, mtaa wa mashariki mwa London wenye wahamiaji wengi. Ayuli ana asili ya Nigeria. Baba yake Tambala ni Mmalawi na mama ni Mwingereza. (Kwa Kichewa tambala ni jogoo, na ndilo jina la senti ya Malawi.) Ayuli alikuwa ameajiriwa kuandika matangazo ya biashara, kazi ambayo tutairudia baadaye. Wamesimulia wenyewe kwamba kundi lilianza kama uongo wa sherehe: Ayuli alimwambia mtu kuwa wana bendi, na alipoulizwa wanapiga nini akajibu kwamba kuna kidogo cha Velvet Underground, kidogo cha Cocteau Twins, kidogo cha Miles Davis na kidogo cha Joni Mitchell. Uongo ukafika masikioni mwa watu wa lebo, ikabidi uwe kweli. Kisa kinachekesha, lakini mtafiti asikipite mbio. Kabla hawajarekodi hata wimbo mmoja, vijana hao walikuwa wamekwisha kutaja nasaba yao kwa kinywa chao, na ndani yake walikuwamo weusi na weupe, wanaume na wanawake, jazi na gitaa la mwangwi, bila kuomba radhi.

Santuri yao ya kwanza, When You're Sad, ilitoka 1986 kwa lebo ambayo wakati huo iliitwa One Little Indian. Hapo ndipo sifa ya kwanza ilipowafikia, nayo ilikuja na sumu yake: magazeti yaliwaita Jesus and Mary Chain weusi. Jesus and Mary Chain walikuwa Waskoti walioshtua watu mwaka 1985 kwa albamu ya Psychocandy, yenye nyimbo tamu zilizofunikwa na makelele ya gitaa. Kulinganishwa nao halikuwa tusi. Kwa kundi jipya ilikuwa heshima. Tatizo ni lile neno la pili. Hakuna aliyewahi kuwaita Jesus and Mary Chain weupe wa kitu chochote, ingawa wao nao waliazima kwa wazi midundo na melodi za nyimbo za wasichana wa Marekani wa miaka ya 1960, ambao wengi wao walikuwa weusi. Mweusi akishika gitaa la makelele anaonekana ameazima nguo. Mweupe akiazima, nguo inakuwa yake. Nasaba waliyoitaja Ayuli na Tambala ilikuwa na Miles Davis ndani yake. Waliyopewa na magazeti ilikuwa na ndugu mmoja tu, tena wa kambo.

Mwaka uliofuata walihamia 4AD, lebo ya Cocteau Twins, na Robin Guthrie, mpiga gitaa wa kundi hilo, akawatayarishia santuri ya Lollita. Shikilia jina la Guthrie, litahitajika. Katika mwaka huohuo wa 1987 lebo iliwakutanisha na kundi jingine, Colourbox, wakatoa wimbo kwa jina la M/A/R/R/S, herufi zilizotokana na majina ya kwanza ya washiriki watano. Pump Up the Volume, uliounganishwa kwa vipande vya nyimbo za watu wengine juu ya mdundo wa house, ulipanda hadi namba moja ya chati ya taifa mwezi Oktoba, wimbo wa kwanza wa 4AD kufika huko. Ushirikiano wenyewe ulikuwa wa mivutano na ukavunjika palepale. Mchango mkubwa wa A.R. Kane ulikuwa upande wa pili wa santuri, katika wimbo wa Anitina, ambao wanunuzi wengi huenda hawakuugeuza kuusikiliza. Lakini kihistoria si jambo dogo kwamba wenye jina la pop ya ndoto walipitia namba moja ya Uingereza kwa mlango wa nyuma.

Kilele cha sifa kilifika 1988, walipohamia Rough Trade na kutoa kwanza santuri fupi ya nyimbo nne, Up Home!, kisha albamu ya 69. Wimbo unaofungua Up Home! ni Baby Milk Snatcher, jina linalochezea lakabu aliyobandikwa Margaret Thatcher alipokuwa waziri wa elimu na kuwaondolea watoto wa zaidi ya miaka saba maziwa ya bure shuleni, mwaka 1971. Sikiliza jinsi ulivyojengwa. Chini kuna besi nzito, ya polepole, inayoacha mapengo. Hiyo ni besi ya dub, ufundi wa mafundi mitambo wa Kingston, uliokuwa ukitikisa kuta za London Mashariki kwenye sherehe za wana wa Karibiani. Juu yake gitaa halipigi wimbo. Linamwaga vipande vya mng'ao vinavyosafiri kwa mwangwi na kuyeyuka kabla havijageuka melodi. Katikati, sauti ya mwimbaji ni laini, ya kunong'ona, kama ya mtu anayesema usingizini. Kila kimoja kati ya hivi vitatu kilikuwapo mahali kabla. Kuviweka pamoja namna ile, besi ikiwa na uzito wa mwili na gitaa likiwa halina mwili kabisa, hilo lilikuwa jipya. Katika 69 walikwenda mbali zaidi: Crazy Blue unayumba kama jazi ya mlevi mpole, na The Sun Falls into the Sea unazama taratibu hadi huwezi kutenganisha sauti ya mtu na mwangwi wake. Albamu ilishika namba moja katika chati ya lebo huru.

Wahakiki walipagawa. Waliandika juu ya bahari, vilindi, tumbo la uzazi, kupoteza fahamu. Reynolds aliwapa nafasi ya heshima katika kitabu chake Blissed Out, cha mwaka 1990, na mara kwa mara kundi lililinganishwa na Jimi Hendrix na Miles Davis. Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu msomaji anaweza kusema: si hiyo ndiyo nasaba waliyoiomba? Kwa nusu, ndiyo. Lakini tazama upande inakoelekea. Walilinganishwa na majabali wa mbali, wengine marehemu, wa nchi nyingine. Na majirani zao hawakulinganishwa ila mara chache. Walipewa mababu wakubwa, hawakupewa ndugu, na hatimaye hawakupewa watoto. Sifa ilisema: hakuna kama hawa. Kwa msanii, neno hilo ni asali; kwa mwanahistoria ni hati ya kumfuta mtu. Historia ya muziki huandikwa kwa kuunganisha watu, huyu alimfuata yule, hawa walikunywa baa moja, wale waliazimana vikuza sauti. Asiye na mfano hana pa kuunganishwa. Hukaa peke yake juu ya rafu, ameheshimiwa, hafikiwi.

Wakati huohuo ukoo ulikuwa ukiundwa pembeni. My Bloody Valentine walitoa Isn't Anything Novemba 1988, baada ya 69. Ride wa Oxford na Slowdive wa Reading walifuata. Melody Maker likawacheka wanamuziki waliokuwa wakikutana katika maonyesho ya wenzao kwa kuwaita kundi linalojisherehekea lenyewe, na jina jingine la kejeli, watazama viatu, wakabandikwa kwa sababu ya kuinamia vikanyagio vya gitaa jukwaani. Ajabu ya mambo ni kwamba kejeli ile iliwasaidia kuliko sifa zilivyowasaidia A.R. Kane. Ukitukanwa pamoja na wenzako, mmehesabiwa pamoja. Slowdive walipondwa vibaya. Souvlaki, albamu yao ya 1993, ilipokewa na Melody Maker kwa maneno ambayo mwandishi mwingine angeona aibu kuyatia sahihi. Lakini mwaka 2016 jarida la Pitchfork lilipopanga albamu 50 bora za watazama viatu, Souvlaki ilikaa nafasi ya pili, nyuma ya Loveless ya My Bloody Valentine. Waliotukanwa walirudi wakiwa na kabila zima nyuma yao. Waliotukuzwa hawakuwa na kabila la kurudi nalo.

Sasa pingamizi. La kwanza ni la mauzo: kwamba A.R. Kane walisahauliwa kwa kuwa hawakuuza. Loveless yenyewe haikupita namba 24 ya chati ya taifa ilipotoka 1991, na Souvlaki iliishia namba 51. Mauzo ya wakati wake hayajawahi kuwa ufunguo wa ukumbusho katika muziki wa aina hii. Kama yangekuwa, tusingekuwa na la kuandika. Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Kundi lilinyamaza. Idara ya usambazaji ya Rough Trade ilifilisika 1991, Ayuli akahamia California, na baada ya albamu moja zaidi, New Clear Child ya 1994, mambo yakaisha. Kundi lisilopiga halikumbukwi, wanasema. Ila My Bloody Valentine hawakutoa albamu mpya kati ya 1991 na 2013, na Slowdive walivunjika mwaka 1995 wasirudi jukwaani hadi 2014. Kimya chao kiliwatunza, watu walisubiri. Basi kimya peke yake hakielezi kitu. Kinachoeleza ni kama kuna mtu aliyeachwa nje ya mlango akiuliza mtarudi lini, na anayeuliza hivyo ni yule aliyeambiwa kuwa nyinyi ni sehemu ya hadithi yake.

Wengine husema jina si hoja: aliyebuni neno si lazima awe kielelezo chake, na Ayuli, mtunga matangazo kwa taaluma, alikuwa akifanya kazi yake tu, akaibandika bidhaa lebo nzuri. Ningekubali laiti neno lingekuwa halifanani na muziki wao. Lakini jaribu kulitoa neno hilo ulipeleke kwa Cocteau Twins, ambao Treasure yao ilitoka 1984, kabla ya neno. Linawakaa vizuri, na ni haki waitwe hivyo. Kwa A.R. Kane linakaa vizuri zaidi, kwa kuwa ndoto zao zina uzito na hofu ya ndoto za kweli. Kuna damu, kuna uchu, kuna kuamka kwa kushtuka. Waliolirithi neno walibakiza utamu wakaacha jinamizi. Na hapa ndipo jina la Guthrie linaporudi. Mtayarishaji wa Lollita mwaka 1987 ndiye aliyewatayarishia Lush, wa lebo ileile, albamu ya Spooky mwaka 1992. Lush wamo katika kila ukoo wa watazama viatu. Mkono mmoja, mitambo ya jamii moja, lebo moja, miaka mitano tu kati yao, na upande mmoja umeandikwa katika daftari la familia, mwingine katika daftari la maajabu.

Je, ni rangi tu? Wapo wanaofupisha kisa chote kwa neno hilo, na siwezi kuwaambia wamekosea. Aliyetaka kujua kama suala la rangi liliwahusu vijana hawa alikuwa na jibu lililochapishwa juu ya jalada: wimbo wa pili wa Up Home! unaitwa W.O.G.S., herufi za tusi ambalo weusi na Waasia wa Uingereza walilijua vizuri mno. Lakini ubaguzi wa kuwakataa hauelezi kisa cha watu waliokubaliwa kwa vifijo. Uingereza ya wakati ule ilikuwa na rafu za Mwingereza mweusi: soul, rege, hip hop. Aliyetoka kwenye rafu hizo alionekana ni muujiza, na muujiza husifiwa. Rangi ilifanya kazi yake ndani ya sifa, kwa adabu, kwa kumgeuza jirani kuwa mgeni wa heshima. Hata walipopata nafasi Marekani mwaka 1992, mkusanyo wao wa Americana ulitoka kwa Luaka Bop, lebo ya David Byrne, ambayo wakati huo sifa yake ilikuwa mikusanyo ya muziki wa Brazili. Lebo njema, nia njema. Hata hivyo vijana wa Stratford walijikuta wamepangwa karibu na Bahia ya Brazili kuliko Reading.

Kipimo kizuri kuliko vyote ni albamu yao ya pili, i, ya 1989, santuri mbili zenye vipande 26, ambamo house, pop, nyuzi na makelele vinapishana bila kubisha hodi. Baadhi ya wasikilizaji waliona imetawanyika, na ni kweli imetawanyika. Si kila kipande kimeiva, na vingine ni vifupi kiasi kwamba vinapita kabla hujajua vilitaka nini. Lakini miaka miwili baadaye Primal Scream walitoa Screamadelica, roki iliyofungwa ndoa na house, ikatunukiwa tuzo ya kwanza kabisa ya Mercury mwaka 1992 na kuandikwa kuwa ndiyo iliyofungua mlango. Mtayarishaji mkuu wa Screamadelica alikuwa Andrew Weatherall. Mwaka 2010 Weatherall na Sean Johnston walianzisha usiku wa muziki wa dansi mjini London, wakaupa jina la A Love from Outer Space. Huo ni wimbo wa A.R. Kane, kutoka katika i. Fundi aliyejenga mlango alijua fika kuwa ulikwisha kufunguliwa, na aliandika deni lake kwenye tangazo la mlangoni, kwa herufi kubwa.

Mwaka 2023 lebo ya Rocket Girl ilikusanya Up Home!, 69 na i katika kasha moja lililoitwa A.R. Kive. Mapitio yalikuwa mazuri. Mengi yalirudia wimbo wa zamani, kwamba kundi hili halina mfano. Msomaji atakayelipata kasha hilo namwomba aanze na Up Home!, dakika chache tu, nyimbo nne, kisha papo hapo aweke Isn't Anything, kisha Souvlaki, kwa utaratibu huo wa miaka: Aprili 1988, Novemba 1988, 1993. Na besi asiipunguze.